Saa Thelathini kwa Siku Moja

Kuna watu wakikasirika hunyamaza, na kuna watu wakikasirika hulia. Bi Mizani akikasirika huhesabu. Soko zima lilijua hivyo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukagua mizani, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amewakamata wauza sukari waliobandika sumaku chini ya sahani, wauza nyama waliochonga mawe ya kilo, na bwana mmoja muuza misumari ambaye kilo yake ilikuwa gramu mia nane na kumi siku za kawaida na mia saba na tisini mwisho wa mwezi. Huyo wa misumari alijaribu kumchekea. Alihesabiwa palepale, mbele ya wateja wake, kilo zote alizowapunja tangu mwaka uanze, na kicheko kikamwishia mdomoni. Jina la kuzaliwa la Bi Mizani lilikuwa kwenye kitambulisho chake na halikuwa na kazi nyingine.

Jumatano hiyo aliomba ruhusa ya nusu siku. Kaka yake mkubwa alikuwa amempigia simu asubuhi na mapema, na huyo kaka akipiga simu asubuhi ujue ameshapanga nani afanye nini. Kule mtaa wa relini walikokulia, zahanati mpya ilikuwa imekamilika na kamati ilikuwa inatafuta jina la kuipa. Kaka alipeleka jina la baba yao, marehemu Tabibu, aliyekuwa mganga wa zahanati ya zamani na aliyewaokoa watu wa mtaa ule mwaka wa kipindupindu. Kamati ikasema jina tunalipenda, lakini tuleteeni ushahidi wa maandishi. Na maandishi yalikuwepo. Tabibu alipostaafu aliandika kitabu, akakiita Siku Thelathini na Tisa, akachapisha nakala mia mbili, akagawia ndugu, majirani na maktaba ya mji.

"Nenda maktaba," Kaka alisema. "Wakupe barua kwamba kitabu wanacho na kiko kwenye historia. Mstari mmoja na muhuri, basi. Kamati inakaa Ijumaa."

"Kwa nini usiende wewe?"

"Mimi nina watu ofisini. Halafu wewe unajua kuzungumza na watu wa serikali."

Alikuwa na maana kwamba dada yake anajua kugombana. Bi Mizani hakubisha, maana ni kweli.

Maktaba ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la zamani la baraza la mji. Mapangaboi matatu yalining'inia darini na moja tu ndilo lililozunguka, tena kwa uvivu. Kulikuwa na harufu ya gundi na vumbi. Wanafunzi wa mitihani walikuwa wameinamia meza ndefu, na mzee mmoja alisoma gazeti la juzi kana kwamba habari zake bado zingeweza kubadilika. Kwenye rafu za kushoto kulikuwa na kibao: VISIVYO VYA KUBUNI. Kulia: VYA KUBUNI. Vibao vyote viliandikwa kwa mkono mmoja, herufi zimenyooka kama zimepigwa rula, na Bi Mizani akaupenda mkono huo kabla hajamwona mwenyewe.

Alianza na historia. Historia ya reli, historia ya sarafu, historia ya posta kwa juzuu tatu nene ambazo nani alikuwa na nafasi ya kuzisoma hata Mungu labda hajui. Cha baba hakikuwepo. Akahamia wasifu wa watu mashuhuri: wacheza mpira, matajiri walioanza na baiskeli moja, mwanamke aliyerusha ndege. Hakikuwepo. Akaenda kwenye tiba. Huko alikuta kitabu cha ujauzito kilicholainika kwa kushikwa, kitabu cha meno ambacho hakuna aliyewahi kukigusa, na kimoja cha magonjwa ya mbuzi ambacho bila shaka msomaji fulani alikirudisha pasipo pake. Akakitoa, akakipeleka kwenye mifugo, kwa sababu kitu kikiwa mahali pasipo pake alikuwa hawezi kukipita.

Njiani akanaswa. Kwenye rafu ya ufundi alikuta kitabu cha mizani za zamani, chenye picha za mizani za mikono miwili na mawe ya shaba, na akasimama hapo dakika kumi nzima bila kujijua. Kilikuwa na kosa moja, ukurasa wa arobaini, wakia zilikuwa zimekosewa. Alitabasamu peke yake. Alikuwa amesahau kwamba dunia ina vitu vingi hivi na vyote vinakaa kimya vikisubiri mtu: ufugaji wa nyuki, sheria za ardhi, namna ya kuchimba kisima, nyota. Alijilaumu kwamba alikuwa hajakanyaga humu tangu amalize shule.

Upande wa hadithi aliuendea kwa bahati tu, kumpisha mwanafunzi aliyekaa sakafuni. Hapo akashika riwaya ya mapenzi, akasoma ukurasa wa kwanza, msichana akiwa tayari amekimbiwa. Akairudisha. Na pembeni yake, imebanwa kati ya hiyo ya aliyekimbiwa na nyingine ya mpelelezi mwenye bastola mkononi, akaiona picha ya baba yake.

Tabibu amevaa koti jeupe. Siku Thelathini na Tisa. Mgongoni, kibandiko cha buluu chenye herufi H. Hadithi.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Alikichomoa kile kitabu, akaenda nacho kwenye dawati la mbele kwa hatua ambazo wanafunzi wote walizisikia.

Mkutubi alikuwa mwanamke wa umri wake, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa anabandika ukurasa uliochanika na hakuinua macho mpaka alipomaliza kuubana.

"Karibu, dada."

"Nani ameweka kitabu hiki kwenye hadithi?"

"Mimi."

Alisema hivyo tu, bila haya. Bi Mizani alikuwa amejiandaa kwa visingizio, na kukosa visingizio kukamzidishia hasira.

"Huyu ni baba yangu. Huyu ni mtu aliyekuwepo, alikuwa na mshahara na kaburi analo. Mambo haya yalitokea. Watu walikufa. Mimi mwenyewe niliyaona nikiwa na miaka kumi na moja. Wewe umekaa hapa na gundi yako umemwita baba yangu mwongo, ukamweka na mabinti waliokimbiwa na wanaume."

Mzee wa gazeti alikunja gazeti ili asikie vizuri.

"Sijamwita mwongo," Mkutubi alisema. "Nimekiita kitabu hadithi. Umekisoma?"

Swali hilo lilimkuta vibaya. Nyumbani kwa mama yao kitabu kile kilikuwa kabatini, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na kilifutwa vumbi kila Jumamosi. Ndugu wote walikuwa nacho. Kila mmoja alikuwa amesoma shukrani za mwanzo ili aone kama jina lake limo, kisha akakiweka mahali pa heshima. Kwa nini mtu asome kitu alichokisikia tangu utotoni? Habari za kipindupindu walizijua kama walivyojua njia ya kwao.

"Nayajua yaliyomo," Bi Mizani akasema.

"Mimi nakisoma kila kitabu kinacholetwa zawadi, neno kwa neno, ndiyo kazi yangu. Hiki nilikisoma mara mbili kwa sababu kilinipendeza. Halafu nikafika siku ya kumi na moja." Mkutubi alivuta droo, akatoa kipande cha karatasi cha manjano. "Siku hiyo anasema alichemsha mapipa sita ya maji kwa jiko moja, kila pipa saa mbili, na hakubanduka jikoni mpaka la mwisho lilipochemka. Hizo saa kumi na mbili. Aliwanywesha wagonjwa thelathini na wanane, dakika kumi kila mmoja. Saa sita na dakika ishirini. Alichimba choo kipya, saa tano. Alifua mashuka, saa tatu. Aliandika daftari saa moja. Akalala saa tatu, kama kawaida yake. Jumlisha."

Bi Mizani alikuwa ameshajumlisha. Kwa kawaida yake alimaliza kabla msemaji hajafunga mdomo.

"Saa thelathini na dakika ishirini," akasema.

"Siku ina saa ngapi, dada?"

Hasira bado ilikuwa imeshika usukani, ikasema badala yake. "Mzee alikuwa amestaafu, amechoka. Alikosea tarehe. Mambo ya siku mbili ameyaweka siku moja."

"Inawezekana. Ndiyo maana iko fomu." Mkutubi akaitoa. "Kitabu kinaweza kuhamishwa. Inahitajika shahidi aliyekuwepo, akisome, kisha atie sahihi kwamba mambo yalikuwa kama yalivyoandikwa. Umesema ulikuwepo. Meza ile pale ina mwanga."

Alikaa. Angetia sahihi hapohapo, lakini mkaguzi wa mizani hagongi muhuri kwenye mizani ambayo hajaipima, hata kama mwenye duka ni baba yake.

Kurasa za mwanzo zilimfanya ammisi. Ilikuwa sauti yake ileile, ya taratibu, yenye kukohoa kabla ya jambo kubwa. Zahanati ya vyumba vitatu, mvua, kisima kilichoingiliwa na maji machafu, mgonjwa wa kwanza aliyeletwa kwa mkokoteni. Alifuta macho mara moja. Akafika ukurasa wa sitini na moja.

"Nilipoona hatari imezidi," baba yake aliandika, "nilimrudisha mke wangu kwao pamoja na watoto, kwa usalama wao. Kuanzia siku ya pili nilibaki peke yangu."

Aliurudia. Akageuza nyuma kuona kama ameruka kitu. Hakuwa ameruka.

Peke yake? Mama yao alikuwa mfagizi wa zahanati ile. Siku ya tatu Tabibu mwenyewe alishikwa na ugonjwa, akaanguka mlangoni, na mama yao ndiye aliyemburuta hadi stoo, akamlaza kwenye mkeka kati ya maboksi ya bendeji. Alilala humo siku kumi na tatu. Mama hakuwa na cheti, hakujua hata kuandika jina lake, lakini alikuwa amefagia miguuni pa mumewe miaka tisa na macho anayo. Alichemsha maji. Alichanganya sukari na chumvi. Aliwainua watu wazima kwa mkono mmoja na kuwanywesha kwa mwingine. Kwa kuwa hakujua kuandika, kila aliyepona alimchorea mstari wa mkaa ukutani, na baadaye Tabibu aliihesabu ile mistari ndipo akajaza daftari.

Na yeye, mtoto wa miaka kumi na moja, alikuwa na kazi yake. Vijiko sita vya sukari kwa lita moja ya maji, nusu kijiko cha chumvi, na kila kijiko kisawazishwe juu kwa kisu. Mama alimwambia: ukizidisha utaua, ukipunguza utaua. Siku nzima alisawazisha vijiko. Kazi aliyoifanya ukubwani yote ilitoka kwenye kisu kile. Sasa hapa imeandikwa kwamba alikuwa kwa bibi yake, kwa usalama.

Aliendelea kusoma. Ukurasa wa sabini, "nilichemsha". Wa sabini na tatu, "niliwanywesha". Wa themanini, mistari ya mkaa ukutani, na aliyeichora ni yeye Tabibu, "kwa kukosa muda wa kuandika". Hata mkaa! Mtu alijua kuandika vizuri kiasi cha kuandika kitabu, akamwibia asiyejua kuandika mistari yake ya mkaa. Bi Mizani alikuwa amewafikisha mahakamani watu kwa gramu kumi. Huyu alikuwa amebeba mzigo mzima, na alikuwa baba yake, na alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alitoka barazani akampigia kaka yake.

"Umepata barua?"

"Wamekiweka kwenye hadithi, na hawakihamishi mpaka shahidi atie sahihi fomu. Wewe umekisoma?"

"Nimekipiga chapa mimi. Baba alisoma kwenye madaftari yake, mimi nikapiga chapa. Kuna nini?"

"Na ulipofika sitini na moja, vidole havikukuuma?"

Kaka alivuta pumzi. "Sikiliza. Mimi mwaka ule nilikuwa kwa bibi kweli, walinipeleka siku ya kwanza. Kwangu hayo ni kweli."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Na Mama alikuwa mtoto?"

"Ndivyo baba alivyotaka. Usiniletee mambo ya mizani kwenye familia. Tia sahihi, zahanati ipate jina, Mama mwenyewe atafurahi. Nani atajua?"

Bi Mizani alikata simu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa amekifulia nguo miaka yote hiyo. Alirudi ndani, akamwambia Mkutubi kwamba fomu ataijibu kesho, na akaomba akiazime kitabu. Mkutubi alimgongea tarehe. Hakuonyesha hata dalili ya kushinda, jambo ambalo Bi Mizani, katika hali aliyokuwa nayo, aliliona ni ungwana mkubwa.

Alimkuta mama yake kitandani anakunja nguo zilizoanuliwa. Miaka sabini na mbili, mgongo umenyooka, ulimi vilevile. Bi Mizani alikuwa amepanga njiani namna ya kumweleza taratibu. Badala yake alisimama mlangoni akasema, "Mama, baba amekutoa kwenye kitabu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku alipokileta." Mama alilinganisha ncha za shuka. "Alinisomea mwenyewe, jioni tatu. Alipofika pale, nikasikia karatasi mbili zimegeuka badala ya moja. Nikamwuliza, mbona umefungua mbili? Akasema zimegandana. Mimi nimefagia karatasi zake maisha yangu yote, nitashindwa kujua sauti ya karatasi moja? Nikamwita mama yako mdogo siku ya pili, akanisomea hiyo iliyogandana."

"Na ukanyamaza. Miaka kumi na moja ukamfutia vumbi."

"Shika ncha hii." Bi Mizani alishika. Walikunja shuka lile pamoja, na Mama akaongea akilitazama shuka. "Ugonjwa ulipoisha walikuja wakubwa kutoka wizarani. Mfagizi kumpa mgonjwa dawa ilikuwa kosa la jela, na kwa mganga aliyemruhusu ni kufutiwa kazi. Baba yenu alinijia usiku akilia. Nikamwambia, sema nilikuwa kwetu. Maneno hayo ni yangu, mimi ndiye niliyeyatunga. Waliyaandika kwenye taarifa yao, wakampa cheti, tukala, mkasoma."

"Kumbe ulikubali."

"Mwaka ule nilikubali. Aliniomba, nikampa." Aliliweka shuka juu ya jingine na kulibonyeza kwa viganja. "Kitabu kaandika miaka ishirini na sita baadaye. Yeye kastaafu, mimi kizee. Nani angenifunga? Angeweza kusema. Nilisubiri aseme. Mara ya kwanza aliniomba, mara ya pili hakuniomba. Alijichukulia tu, kama kikombe kilichozoea kukaa kwake."

"Umekasirika?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Nimekasirika kila Jumamosi, mwanangu. Ndiyo maana kabati lile linang'aa."

Kaka alifika usiku haujaingia, na suti yake, akiwa ameshapigiwa simu na mjumbe wa kamati. Alizunguka maneno weee, mwisho akayafikisha. Kwa kuwa dada ana mashaka, akasema, basi shahidi awe Mama. Mama alikuwepo kuliko wote. Aweke dole gumba kwenye fomu, tumalize.

Bi Mizani alimshangaa mtu huyu. Kwenye kitabu hakuna mama, kwenye fomu anatafutwa mama. Alianza kusema hivyo, na sauti ikapanda, lakini Mama aliinua mkono.

"Saa ngapi wanafungua?" akauliza.

"Saa mbili na nusu," Kaka akajibu haraka.

"Nitakwenda."

Bi Mizani alikesha. Alimjua mama yake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kumpa mwingine kipande kikubwa, na kesho angempa marehemu kilichobaki, kisha angerudi kufuta kabati. Alimkasirikia Kaka, akamkasirikia baba yake kaburini, na kulipokaribia kupambazuka akawa anamkasirikia Mama pia.

Alhamisi maktaba ilipofunguliwa walikuwa watatu mlangoni. Bi Mizani alitangulia hadi kwenye dawati.

"Jana nilikusemea ovyo," akamwambia Mkutubi. "Nisamehe."

"Nimezoea. Wenye riwaya huwa hawaji kugombana. Huja hawa wa ukweli tu."

Mama hakwenda moja kwa moja kwenye kiti alichowekewa. Alipita kwanza kati ya rafu, taratibu, akigusa migongo ya vitabu kwa ncha za vidole, kushoto na kisha kulia, na kila mahali akauliza hapa pana nini. Bi Mizani alimtajia: nyuki, visima, nyota, mapenzi, wapelelezi. Alipofika pale penye pengo aliambiwa hapa ndipo kilipokaa. Akaangalia pengo lile kwa muda.

"Na hawa wa upande huu, yote wameyatunga?"

"Yote, Mama."

"Na wamesema wenyewe kwamba wametunga?"

"Wamesema. Ndiyo maana wako huku."

"Basi hawa ni watu wazuri," Mama akasema, akaenda kukaa.

Kaka aliifungua fomu mezani, akaisawazisha, akasogeza pedi ya wino karibu na mkono wa mama yake. Alimwambia ni kidole kimoja tu, hapa chini, haitachukua hata dakika. Bi Mizani alisimama nyuma ya kiti akiwa amekunja ngumi ndani ya mifuko ya sketi. Mkutubi alieleza kwamba sheria inamtaka amsomee shahidi asiyejua kusoma fomu yote kabla hajagusa wino, na Kaka akasema sawa, sawa, msomee.

"Kwanza nisomee kitabu," Mama akasema. "Sitini na moja."

Kaka alifungua mdomo. Mkutubi alikuwa ameshafungua ukurasa. Alisoma kwa sauti ya kawaida, bila kupamba, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya, wanafunzi walisikia, na mzee wa gazeti alisikia: "Nilipoona hatari imezidi, nilimrudisha mke wangu kwao pamoja na watoto, kwa usalama wao. Kuanzia siku ya pili nilibaki peke yangu."

"Ahsante. Sasa hiyo karatasi."

"Swali la kwanza," Mkutubi akasoma. "Je, shahidi alikuwepo mahali pa tukio, wakati wa tukio?"

Kaka aliusogeza wino tena, kidogo. "Sema ndiyo, Mama."

Mama alimtazama mwanawe wa kwanza kwa upole, kama alivyowatazama wagonjwa waliokuwa wakikataa kunywa. Kisha akamgeukia Mkutubi, na kidole chake akakirudisha mapajani, kikavu.

"Andika sikuwepo," akasema. "Kitabu kimesema nilikuwa kwetu. Mtafuteni huyo aliyebaki peke yake, aje aweke dole lake."